Nani Kauleta?

Wajukuu zangu, mwezi wa Julai mwaka 2022, kule Ruangwa katika mkoa wetu wa Lindi, watu walianza kutokwa na damu puani. Wawili wa mwanzo walifika kituo cha afya cha Mbekenyera wana homa, kichwa kinawagonga, mwili hauna nguvu. Wakafuata wengine. Wakapimwa Ebola, hawana. Wakapimwa Marburg, hawana. Korona, hawana. Kwa siku kadhaa ugonjwa ule ukakaa bila jina, watu wakauita "ugonjwa wa ajabu", na ugonjwa usio na jina hupita midomoni haraka kuliko unavyopita miilini.

Nitawaambia baadaye ulikuwa ugonjwa gani. Kwanza tukae kidogo katika siku zile za kutojua, maana wazee wetu walikaa humo miaka mingi. Ugonjwa ukiingia mjini, watu huuliza maswali mawili. Ni ugonjwa gani huu? Na nani kauleta? Swali la kwanza tunampelekea mganga au daktari. La pili tunalijibu wenyewe, barazani, usiku, sauti ikiwa chini. Kwa majibu ya swali hili la pili pwani yetu ilipata dua, ikapata ngoma, ikapata vita, na ikapata pori kubwa lisilo na watu. Hiyo ndiyo hadithi yangu ya leo.

Tuanzie Kilwa Kisiwani. Mwaka 1331 alishuka hapo msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Mkivuka leo kwa mashua kutoka Kilwa Masoko mtaona Msikiti Mkuu na magofu ya kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali. Ibn Battuta hakukaa sana, akatweka tanga akaenda zake. Miaka 17 baadaye, mwaka 1348, alikuwa Dameski katika nchi ya Shamu, na hapo akakutana na tauni, ile iliyoua watu wa Asia, Ulaya na Afrika ya Kaskazini kwa mamilioni.

Leo tunajua tauni ni ugonjwa wa panya unaorukia watu kwa viroboto. Siku zile hakuna aliyejua. Ibn Battuta ameandika alichokiona: watu wa Dameski walifunga siku tatu, kisha wakatoka nje ya mji pekupeku, misahafu mikononi. Mayahudi wakatoka na Taurati yao. Wakristo wakatoka na Injili yao. Wanaume, wanawake na watoto, wote wanalia, wote wanamwomba Mungu mmoja awaondolee balaa.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Miezi michache tu baadaye, Februari 1349, katika mji wa Strasbourg huko Ulaya, watu waliuliza swali lile lile na wakapata jibu jingine. Walisema Mayahudi wametia sumu visimani. Wakawakamata, wakawachoma moto kwa mamia. Ugonjwa ulikuwa mmoja na hofu ilikuwa moja. Dameski Myahudi alitembea bega kwa bega na jirani yake Mwislamu, Strasbourg akachomwa na jirani yake. Shikeni hilo, maana tutakutana nalo tena nyumbani.

Miji ya Waswahili ilikuwa na njia zake, na zilifanana zaidi na za Dameski. Balaa likizidi, watu walikusanyika kusoma dua ya Halbadiri. Katika miji mingi ya pwani ng'ombe alizungushwa mji mzima huku watu wakisoma dua, kisha akachinjwa, nyama ikagawiwa. Mgonjwa aliandikiwa kombe, aya kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji akanywa. Na walikuwa na mafundisho ya Mtume kwamba tauni ikiwa katika nchi usiingie, na ikikukuta ndani usitoke. Serikali za leo zikifunga mipaka wakati wa mlipuko zinafanya jambo hilo hilo. Kwa hiyo msije mkadhani dua ilikaa peke yake bila akili. Watu walimwomba Mungu, na mlango waliufunga.

Ila dua haikufika kwa kila mtu. Twendeni Kilwa Kivinje, mapema mwaka 1859.

Wakati huo Kivinje ndiyo iliyokuwa Kilwa yenye nguvu, siyo Kisiwani. Misafara ilishuka hapo kutoka Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na watu waliofungwa kamba na minyororo, na majahazi yakawachukua kuwapeleka Unguja kuuzwa. Mwaka ule kipindupindu kilikuwa kimeingia pwani. Semeni jina hilo polepole: kipindupindu. Mtasikia kupinduka ndani yake, mtu anavyojipinda na tumbo, anatapika na kuharisha mpaka macho yanazama. Mwingereza Richard Burton, aliyekuwa anarudi kutoka safari ya Ziwa Tanganyika, alifika Kivinje katika siku hizo. Ameandika kwamba maiti zilikuwa makorongoni, na moja ilikuwa imeegemea ukuta wa forodha. Maskini waliburutwa mguu mmoja juu ya mchanga, wakatupwa kwenye maji yanayokupwa. Wenye nacho walishonewa mkeka, wakabebwa kama machela mpaka baharini pale pale.

Mimi kila nikifika ufukwe ule huukumbuka mkeka huo. Bahari ilikuwa moja kwa wote, lakini hata katika kifo watu walihakikisha inajulikana nani mwungwana na nani mtumwa. Aliyeburutwa mguu alikuwa na mama yake mahali fulani, labda ng'ambo ya Ruvuma, ambaye hakujua. Hakuna aliyemfungia saumu siku tatu.

Na msiwacheke watu wa Kivinje kwa kutojua. London yenyewe, miaka mitano tu kabla, madaktari wakubwa waliamini kipindupindu kinaletwa na hewa yenye harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, mwaka 1854 alihesabu waliokufa mtaa kwa mtaa, akagundua wengi walikunywa maji ya bomba moja la mkono katika mtaa wa Broad Street. Akaomba mpini wa bomba lile ung'olewe, ukang'olewa. Hata hivyo wenzake wengi hawakumwamini, na alifariki mwaka 1858 kabla ya kukubaliwa. Robert Koch alikuja kumwonyesha mdudu mwenyewe katika miaka ya 1883 na 1884. Kwa hiyo mwaka 1859 Burton na nahodha wa jahazi na mtumwa korongoni walikuwa sawa, hakuna aliyejua kwamba kifo kipo ndani ya maji.

Unguja alikuwapo daktari Mskoti, James Christie, aliyeandika kitabu juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki, kikachapwa mwaka 1876. Huyu alisikiliza majina. Mwaka 1870 homa nyingine ilivamia mji: mtu ametulia ghafla ananyakuliwa, viungo vinakaza, hawezi kusimama. Waswahili waliiita kidinga pepo, na wazee walimwambia Christie kwamba iliwahi kuja zamani, mwaka 1823. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba jina hilo lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, likageuka midomoni mwa watu, likawa dengue. Neno lenu hilo, wajukuu. Madaktari wa dunia nzima wanalitamka bila kujua kwamba ndani yake pengine kuna pepo wa Kiswahili.

Kwa nini pepo? Fikirini mtu mzima, mwenye nguvu, anaangushwa chini na kitu kisichoonekana. Kumwita pepo ni kusema yupo aliyemshika, na kama yupo, basi anaweza kuzungumzishwa. Ndiyo maana ngoma ya pepo inapigwa mgonjwa akiwa katikati na watu wamemzunguka. Pepo hupanda kichwani, huulizwa jina lake na anachotaka, naye hujibu kwa kinywa cha mgonjwa. Mara nyingi mgonjwa alikuwa mwanamke, na pepo wake alidai kanga, alidai manukato, alidai mume asikae mbali. Mambo ambayo mke asingeyasema mbele ya wakwe, pepo aliyasema na yakatekelezwa. Sisemi ngoma huua vijidudu. Nasema mgonjwa hakuachwa peke yake, na sauti yake ilisikika.

Sasa tupande vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa. Hapa nitakaa zaidi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walikuwa wanatawala. Palikuwa na kodi ya nyumba, palikuwa na maakida na viboko, na palikuwa na mashamba ya pamba ambayo watu walilazimishwa kulima huku mihogo na mtama wao vikiliwa na nguruwe. Mwaka 1904, kijijini Ngarambe, mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo aitwaye Hongo. Wazee waliomsimulia mwanahistoria G. C. K. Gwassa katika miaka ya 1960 walisema Kinjikitile alivutwa mpaka ndani ya kidimbwi cha mto, akazama, ndugu zake wakalia. Kesho yake akatoka, nguo zake kavu, akaanza kusema.

Watu wakaanza kwenda Ngarambe. Walikwenda kwa siri, habari ikinong'onwa mtu kwa mtu, na akida akiuliza walijibu kwamba wanakwenda kwa mganga kuchukua dawa. Na hawakusema uongo! Dawa ile ilikuwa maji, yakachanganywa na mbarika na mtama. Iliaminiwa kwamba inaondoa maradhi, inaondoa njaa, inafukuza nguruwe na kanga shambani. Na kama vita vikija, risasi ya Mjerumani itageuka maji.

Mnaona kilichotokea? Kabla ya hapo kila ukoo ulikuwa na mizimu yake na kila bonde lilikuwa na mganga wake. Mmatumbi hakunywa dawa ya Mngindo. Kinjikitile alilijibu swali letu, nani kauleta, kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kulijibu. Njaa yako, ugonjwa wa mwanao na alama ya kiboko mgongoni kwako ni balaa moja, lina mlango mmoja, na dawa yake ni moja kwa watu wote. Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wapogoro, Wangoni na wengine, makabila yapatayo 20, walikunywa maji yale yale. Mtu ambaye jana alikuwa mgeni leo alikuwa mwenzako wa dawa.

Julai 1905, kijijini Nandete, watu waling'oa mipamba. Hilo ndilo lilikuwa tangazo la vita. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro, lakini dawa ilikuwa imeshasambaa, na watu wengine waliibeba mpaka Liwale, Lindi ya ndani na Songea. Waliimba "Maji! Maji!" mbele ya bunduki za rashasha. Risasi hazikugeuka maji.

Wajerumani walimaliza vita kwa kuchoma ghala na mashamba. Vita viliisha mwaka 1907, na walioanguka kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliokufa baadaye kwa njaa na magonjwa. Wajerumani walikisia watu 75,000. Gwassa alifanya hesabu akapata kati ya 250,000 na 300,000. Dawa iliyoanza kwa kuahidi kuondoa njaa na maradhi iliishia katika njaa na maradhi makubwa kuliko yote ambayo kusini imewahi kuona. Ni jambo linaloniuma kila nikilisimulia. Hata hivyo siwezi kusema ilikuwa bure, kwa sababu makabila yale hayakuwahi kuwa kitu kimoja kabla ya maji. Ebrahim Hussein, mwandishi aliyezaliwa Lindi mwaka 1943, aliandika tamthilia nzima juu ya jambo hili, Kinjeketile, mwaka 1969. Isomeni mkifika sekondari.

Watu walipokufa na vijiji kuachwa, msitu ulirudi. Msituni wakarudi wanyama, na pamoja na wanyama akarudi mbung'o, inzi anayebeba malale. Malale humpa mtu homa, kisha huingia akilini, mchana analala, usiku hapati usingizi, mwisho hufa. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliamua kuwahamisha watu wa magharibi ya Liwale, Wangindo wengi, wakusanywe mahali pamoja ambapo ni rahisi kuwapima na kufyeka vichaka. Sababu iliyotajwa ni malale. Tembo nao walikuwamo katika hesabu, maana nchi iliyobaki tupu iliongezwa katika Hifadhi ya Selous. Swali lilikuwa lile lile, nani kaleta ugonjwa, na safari hii jibu lilikuwa: nyinyi mnaokaa kwenye vichaka. Waliacha mashamba, wakaacha makaburi ya baba zao. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mgeni anayepita humo kwa gari anafikiri ameona pori ambalo halikuwahi kukaliwa na mtu. Mkipata nafasi mwambieni palikuwa na watu.

Ya chikungunya nitayapitia haraka. Mwaka 1952 na 1953, juu ya uwanda wa Makonde, katika jimbo la kusini, homa iliwaangusha watu vijiji kwa vijiji, viungo vinauma mpaka mtu anatembea amekunjamana. Wamakonde waliiita hivyo hivyo walivyoiona, chikungunya, ile inayokunja mtu. Uwanda ule ni mkavu, akina mama walipanda mteremko na mitungi kichwani na kuhifadhi maji majumbani, na katika maji yale mbu walizaa. Madaktari Marion Robinson na Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, jina likabaki, na miaka ya 2005 na 2006 kisiwa cha Réunion kilipopigwa, karibu theluthi ya watu wakiugua, magazeti ya Paris yaliandika neno la Kimakonde. Wapo wanasayansi wanaodhani kidinga pepo ya Christie ndiyo ilikuwa chikungunya hii hii.

Nami nina langu. Utotoni wavulana tulikatazwa madafu. Tuliambiwa ukinywa sana utapata busha. Pwani hii ina mabusha na matende mengi kweli, na minazi mingi, kwa hiyo watu waliunganisha vitu viwili walivyoviona kila siku. Kumbe tangu mwaka 1877 daktari Patrick Manson, akiwa China, alishaona kwamba minyoo ya matende hupita kwa mbu. Wengine hawakusingizia dafu, walimsingizia jirani: karogwa, na fulani ndiye kamroga. Hapo ndipo mambo hubadilika. Dafu halina la kupoteza. Bibi mjane anayekaa peke yake mwisho wa kijiji, akinyooshewa kidole, anapoteza nyumba yake na wakati mwingine uhai wake. Hiyo ni Strasbourg, wajukuu, imekuja kwetu bila meli. Pwani ya kusini ilikuwa na mganga Nguvumali, aliyesifika kwa kutafuta wachawi, na Hasani bin Ismail alimtungia utenzi uliochapwa Oxford mwaka 1968. Watu walimwita kwa sababu walikuwa na uchungu na walitaka jibu. Lakini mimi nawaogopa watu wenye jibu kabla ya kupima. Tanzania ilianza kugawa dawa za matende mwaka 2000, kisiwani Mafia, jirani zetu hapo, vidonge vinavyomezwa na kijiji kizima mara moja kwa mwaka, na havihitaji kumtaja mtu.

Sasa tumerudi Ruangwa. Tarehe 18 Julai 2022 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alikuja Lindi akatangaza majibu ya maabara. Wagonjwa walikuwa 20, watatu wamefariki, na ugonjwa unaitwa homa ya mgunda. Mgunda ni neno la zamani la shamba, Wayao wanalitumia mpaka leo. Mdudu wake hukaa katika mkojo wa panya na wanyama wengine, huingia kwenye maji na tope, na humpata mtu kwa mchubuko wa mguu, kwa macho au kwa mdomo. Hakutumwa na mtu. Alikuwa shambani.

Nina ombi kwenu. Nendeni kwa bibi au babu aliye karibu nanyi, mkamuulize ugonjwa uliowahi kukitisha kijiji chake uliitwaje, watu walifanya nini, na nani alilaumiwa. Andikeni kwenye daftari, na jina la ugonjwa mliandike kama alivyolitamka. Na wewe unayelima mpunga au kuvua mtoni, ukipata homa kali siku au wiki chache baada ya kukanyaga maji yaliyotuama, nenda zahanati siku hiyo hiyo umweleze mganga ulipopita. Homa ya mgunda inatibika ikiwahiwa.